Wa Chini Humwitikia wa Juu

Cherop alifika nyumbani kutoka shule, akatupa mkoba wake kizingitini, akaita, "Mama!" Akaitikiwa kutoka ndani, "Niko." Basi akangoja afunguliwe. Akangoja, akagonga, akagonga tena, akaanza kulalamika jinsi wanavyolalamika watoto wa miaka minane wenye njaa.

"Mama, si unifungulie bana! Kwani unaniitikia halafu unaniacha hapa nje?"

"Unaongea na nani, Cherop?"

Mtoto akageuka. Mama yake, Sally Jepkosgei, alikuwa amesimama nyuma yake langoni, ameshika kabeji kwa mkono mmoja na viatu kwa mkono wa pili, maana viatu vilikuwa vimemshinda tangu njia panda ya Kibomet. Na mlangoni lilining'inia kufuli, lile lile alilolifunga mwenyewe alfajiri.

"Si umeniitikia sasa hivi?"

"Huyo ni Mama Kiplangat, jirani. Umesikia vibaya."

"Ilikuwa sauti yako, Mama."

"Haya, ilikuwa yangu. Shika kabeji."

Hakuwa na nguvu za kubishana. Tulishike hilo tangu mwanzo, kwa maana hadithi hii yote ni ya mwanamke aliyechoka. Ilikuwa Januari 1995, shule zimefunguliwa, na Jepkosgei alikuwa fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini Kitale, akishona yunifomu tangu jua linapochomoza mpaka macho yanakataa kuona tundu la sindano. Mumewe, Kipketer, aliendesha lori la mahindi. Akija leo anaondoka kesho, anaacha nguo za kufuliwa. Mwanamke wa namna hiyo akiambiwa sauti yake imesikika ndani ya nyumba iliyofungwa, aseme nini? Atasema shika kabeji.

Lakini alipofungua mlango, harufu ilimpokea. Haikuwa harufu mbaya. Ilikuwa harufu ya blanketi bichi, na sakafu iliyopigwa mafuta ya taa, na yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo wasichana wa bweni walijipaka miguuni baridi ikiwapasua. Jepkosgei alisimama na ufunguo mkononi. Hakuwa ameinusa harufu hiyo tangu amalize shule, na alijua vizuri ni miguu ya nani iliyokuwa ikinukia hivyo.

Turudi nyuma kidogo, tuelewane.

Shule ya wasichana ya Chepterwet ilikuwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila hodi. Jepkosgei alifika huko mwaka wa 1980, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1983. Bweni lao lilikuwa na vitanda vya dabodeka, mmoja analala juu na mwenzake chini, na kila jioni matron alisimama mlangoni kuhakikisha wote wameingia. Aliyeita majina ni kiranja, Gurmeet, binti wa familia ya Kisikh yenye duka Kitale, msichana mwenye sauti ya kufukuza ng'ombe shambani. Ukiitwa unajibu, "Niko!" Matron hakuangalia nyuso. Taa zilikuwa hafifu, na mwenyewe alikuwa na hamu ya chai yake, kwa hiyo alisikiliza sauti tu.

Hapo ndipo wasichana walipotunga sheria yao wenyewe: wa chini humwitikia wa juu. Mwenzako akiwa ametoroka, wewe wa chini unajibu mara mbili, mara moja kwa sauti yako na mara moja kwa sauti yake. Juu ya Jepkosgei alilala Chepchumba. Mamake Chepchumba alikuwa mgonjwa, na kwao hakukuwa mbali, ng'ambo ya mto tu. Basi jioni Chepchumba alikuwa akipenya chini ya seng'enge anakwenda kumpikia mamake, na Jepkosgei anamwitikia. Alimwitikia mpaka akawa anaijua sauti ya Chepchumba kuliko yake mwenyewe. Hawakushikwa hata siku moja.

"Iko siku na mimi nitakuitikia," Chepchumba alimwambia, kichwa kikining'inia kutoka kitanda cha juu. "Wewe choka tu. Mimi nitasema niko."

Wakacheka. Ahadi ni deni, lakini nani huzikumbuka ahadi za utotoni?

Walipomaliza shule hawakuachana. Wengine huachana wakasahauliana hata majina, hawa, hapana. Kila Desemba walikutana kwa mmoja wao, wakachinja kuku, wakaleta watoto wao waonane. Na kabla ya kula, Gurmeet, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwenye lile duka na ndiye aliyempa Jepkosgei kazi, alisimama akaita majina ya bweni zima kwa kichwa. "Niko!" "Niko!" Wamama wazima na uzito wao, wanajibu kama watoto wa kidato cha kwanza. Hakuna kitu katika mwaka mzima kilichowapa raha kama hicho.

Agosti 1994 Chepchumba alikufa. Malaria ilimpanda kichwani, hakumaliza wiki. Desemba ikafika, wakakutana kwa Naliaka, Bungoma mjini, na hakuna aliyemwambia Gurmeet aliruke lile jina. Huenda mwenyewe alisahau. Ulimi nao una mazoea yake. Akaita kwa sauti ile ile ya siku zote, "Chepchumba!"

Mikono ikasimama juu ya sinia za chapati, mtu mmoja akaanza kulia. Na Jepkosgei, bila kufikiri, kwa mapenzi tu, jamani, kwa mapenzi tu, akajibu kwa ile sauti ya kitanda cha juu: "Niko!"

Wakacheka, wakalia, wakakumbatiana. Wakasema hakuna darasa kama lao, hata kifo hakijaweza kuwapunguza. Wote walirudi makwao na moyo mwepesi, isipokuwa huyo aliyejibu. Yeye alirudi Kitale na baridi mabegani, kama mtu aliyevaa sweta ambayo haijakauka.

Sasa mnajua. Baada ya siku ile ya kabeji, mambo hayakuja kwa kishindo. Yalikuja polepole, jinsi panya anavyoizoea nyumba. Jumapili moja mchana Jepkosgei alijilaza baada ya kanisa, akasikia mtu akijigeuza juu yake. Springi za kitanda zililia, kriii, zikanyamaza, halafu ikafuata pumzi ndefu ya mtu aliyepata mahali pazuri pa kulala. Akafungua macho. Juu yake hakukuwa na kitanda. Hakukuwa hata na dari. Kulikuwa na mabati na utando wa buibui. Akajiambia ni joto, mabati hulia kwa joto. Na kweli mabati hulia, lakini tangu lini yakavuta pumzi?

Kazini nako Gurmeet akamjia na utepe wa kupimia shingoni. "Wewe Sally, huu ni mchezo gani? Nakuita, unajibu kutoka stoo. Naingia stoo, hakuna mtu. Narudi, uko hapa kwa mashine, hata hujainua kichwa."

"Mimi sijasikia ukiniita."

"Ati hujasikia! Na umejibu haraka! Kawaida wewe nakuita mpaka koo inakauka."

Alisema kwa utani, akaenda zake kumkatia mteja kitambaa. Jepkosgei alibaki ameshika gurudumu la cherehani. Ilikuwa kweli. Siku hizi mtu akimwita, mara ya kwanza hasikii. Mara ya pili anasikia na kumwomba Mungu huyo mtu anyamaze. Mara ya tatu ndiyo anajikusanya na kujibu. Na sauti yenyewe ilikuwa ikimwishia. Ilianza kukwaruza, ikawa kama ya mtu mwenye mafua, halafu ikapungua hata wauza ndizi wa pale veranda wakawa wanamcheka, "Ongea mama, kwani umemeza uzi?"

Kipketer alirudi kutoka safari, akala, akalala. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, akasema, "Jana umenifurahisha. Nimekuita nikiwa bado kule barabarani, ukaniitikia mara moja. Zamani ulikuwa hivyo."

Jana hiyo, wakati Kipketer anafika, Jepkosgei alikuwa bado mjini akipiga pasi marinda ya sketi. Alitaka kumwambia. Akafungua mdomo, neno likatoka nusu, na mwanamume alikuwa ameshafika langoni akipiga mluzi.

Lakini hayo yote angeyavumilia. Alikuwa amezoea kuvumilia. Kilichomvunja ni Cherop, maana huyo ndiye mtoto wake wa pekee, na ndiye aliyemfanya aamke kila alfajiri na ule mgongo.

Ilikuwa jioni ya Machi, mvua za kwanza zimeanza kunukia. Jepkosgei alikuwa ameketi mlangoni akimsuka mtoto. Kidole chake cha shahada, chenye kovu mahali sindano ya cherehani ilipopita siku moja, kilikuwa kimekufa ganzi kwa uchovu, kwa hiyo akavuta nywele kwa nguvu kidogo. Cherop akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama wa ndani havuti hivyo."

Mikono ikasimama. "Mama gani wa ndani?"

"Yule wa kuniitikia. Nikitoka shule." Mtoto alikuwa akikwangua matope kwenye kiatu. Tangu Januari mamake alikuwa akimwachia ufunguo chini ya jiwe, asiwe anangoja nje. "Yeye hachoki. Nikimwita, anaitikia mara ya kwanza. Wewe mpaka mara ya tatu."

"Umemwona?" Sauti ilikuwa mnong'ono tu.

"Anakaa nyuma ya pazia. Anasema bado hajamaliza kuvaa."

Lo! Jepkosgei hakulala vizuri tena tangu hapo. Alikwenda kwa mke wa mchungaji, wakaombea nyumba, wakaimba mpaka jirani wakaja. Nyumba ikatulia siku chache, na ufunguo akawa anauacha kwa Mama Kiplangat, mtoto akae huko mpaka yeye arudi. Halafu siku moja moyo ukamkataza kukaa kazini. Akaacha sketi ikiwa nusu kwenye mashine, akatembea, akakimbia, mvua ikimpiga, akafika nyumbani Kibomet. Mama Kiplangat alikuwa akianua nguo. Akashangaa kumwona.

"Kwani umetoka tena? Si umemwita mtoto kutoka kwa nyumba sasa hivi, nikampa ufunguo akuletee?"

Jepkosgei alikimbia kwake. Alisukuma mlango wake, na harufu ya bweni ikamjaa puani, blanketi na mafuta ya taa na yale mafuta ya miguu, na mbele ya pazia la chumba cha kulala akamwona Cherop ameketi sakafuni, ameligeuzia pazia mgongo, akisimulia habari za shuleni kwa furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi, na kutoka kwenye upenyo wa pazia mikono miwili ilikuwa imetokeza ikimsuka, mikono myembamba ya msichana wa shule iliyopasuka kwa baridi, na kila mtoto alipocheka ile mikono ilinenepa kidogo, ngozi ikakomaa kidogo, mpaka kwenye kidole cha shahada, mbele ya macho yake, likaanza kuchomoza kovu, dogo, jeupe, pale pale ambapo sindano ya cherehani ilikuwa imempita yeye mwenyewe.

"Pumzika, Jepkosgei," sauti ikasema nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti yake, ile ya zamani, kabla haijachoka. "Uliniitikia sana. Sasa wewe lala. Mimi nitasema niko."

Na aibu kubwa, ambayo hakumwambia mtu yeyote baadaye, ni kwamba kwa kitambo kidogo alitamani kukubali.

Akamnyakua mtoto, nywele zikiwa nusu zimesukwa nusu zimesimama, wakakimbilia kwa Gurmeet. Gurmeet alisikiliza hadithi yote huku chai ikipoa. Hakucheka. "Mimi ndiye nimeita hilo jina," akasema. "Kesho duka litafungwa. Tunaenda kwa Naliaka."

Naliaka, kule Bungoma, alijua pa kuwapeleka. Shangazi ya mumewe, bibi mmoja wa Matulo aliyeitwa Kukhu Namaemba, ndiye aliyekuwa akiitwa nyumba zikisumbuliwa. Wakamkuta anapukuchua maharagwe uani. Jino lilikuwa linamuuma, shavu limevimba, na subira hakuwa nayo. Hakuwauliza mengi. Aliuliza tu nani aliita, nani alijibu, na kwa sauti ya nani.

"Rafiki yenu alienda," akasema. "Alienda ile siku alikufa, hakugeuka nyuma. Huyu si yeye. Kuna vitu vinakaa mahali patupu, nyinyi mnaita majini. Vinangoja jina halina mwenyewe. Nyinyi mkaita jina tupu, na huyu akaliwekea pumzi ya mtu mzima. Ungetaka kiingie kwa mlango gani tena?"

"Lakini Kukhu, kinajua mambo ya shule," Naliaka akasema.

"Kimekula jina. Jina liko na kila kitu ndani." Akatema mate kando. "Lakini kosa ni lenu nyinyi watu wa shule. Sisi hapa mtu akifa tunazika, tunanyoa, tunagawa nguo zake, tunasema ameenda. Nyinyi mnasema hakuna mtu amepungua. Atakosa kupungua namna gani, na amekufa?"

Gurmeet alikuwa akilia bila kupangusa machozi.

Dawa ya Kukhu haikuwa na ubani wala kuku mweusi. Wakutane tena watu wale wale, ndani ya nyumba ambayo kile kitu kinakaa. Wajifunike leso kichwani na kufumba macho. Gurmeet aite majina yote kama siku ile. Likifika la Chepchumba, mtu yeyote asifungue mdomo, hata asikie nini, na Gurmeet mwenyewe aseme, "Hayuko." Neno hilo moja ndilo hawakulisema.

"Na wewe." Kukhu alimshika Jepkosgei kidevu, akamtazama macho yaliyotumbukia. "Kikinyang'anywa hilo jina, kitabaki uchi. Kitatafuta lingine hapo hapo, na lako ndilo limekaribia. Ukiitwa, jibu haraka. Usivute hata pumzi. Utaweza?"

"Nitaweza," akasema. Ilibidi bibi ainame ili amsikie.

Wakakutana likizo ya Aprili, mchana, mvua ikinyesha Kibomet nzima. Walikuja wote. Kuna waliotoka mbali na watoto mgongoni, wengine hawakuambiwa hata sababu; waliambiwa Sally anawahitaji, wakaja. Ndivyo walivyokuwa. Cherop aliachwa kwa Mama Kiplangat, na bado alikuwa na zile nywele zake za nusu, kwa kuwa alikataa kuguswa kichwa na mtu yeyote. Kipketer alikuwa safarini. Wanawake wakakaa kwenye viti na kwenye mikeka, wakajifunika leso, wakafumba macho. Gurmeet akaanza.

"Naliaka!"

"Niko!"

Akaita mmoja baada ya mwingine, wakajibu, sauti zikitetemeka. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Jepkosgei alikuwa karibu na mlango wa chumba cha kulala, amejishika magoti. Usiku uliopita hakulala, wala ule uliotangulia.

"Chepchumba!"

Kimya. Juu, springi zikalia. Kriii. Halafu sauti ikaja, wala haikuwa ya kutisha, na hapo ndipo ilipokuwa na ubaya wake. Ilikuwa sauti ya msichana wa miaka kumi na mitano anayenong'ona kwa haraka, anayehema kwa kukimbia kutoka mtoni, na harufu ya mafuta ya miguu ikashuka juu ya wanawake wote pamoja nayo. "Jepkosgei, niitikie. Matron amefika mlangoni. Mama yangu alikuwa na homa, nilichelewa kuvuka, sijafika kitandani, niitikie, tafadhali, wewe hujawahi kuninyima, watanifukuza shule, nitaenda wapi, sema tu niko, neno moja tu, Jepkosgei, kwani mimi nimekukosea nini?"

Naliaka alikuwa akilia waziwazi. Jepkosgei alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaung'ata mkono mpaka akaonja damu. Hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya maishani mwake kama kunyamaza pale.

"Hayuko," Gurmeet akasema. Sauti ya kufukuza ng'ombe ilikuwa imekwisha. Ilibaki ya mama aliyefiwa. "Chepchumba hayuko. Amekufa. Tulimpenda, na hayuko."

Springi zikalia mara moja kwa nguvu, kama mtu ameruka kutoka kitandani. Harufu ikaondoka. Hata mvua ilionekana kutulia, na baridi iliyokuwa mabegani mwa Jepkosgei tangu Desemba ikamwachia. Ahsante Mungu, akasema moyoni. Mwili ukalegea. Na uchovu wote wa miezi ile, yunifomu zote, alfajiri zote, ukamshukia kwa pamoja, mtamu, mzito kama usingizi wa mtoto. Alijua jina lake linafuata. Neno alikuwa nalo tayari kwenye ulimi. Alitaka tu avute pumzi moja kwanza.

"Jepkosgei!"

"Niko."

Ilikuwa sauti nzuri, safi, haina mkwaruzo, na ilijibu mara ya kwanza. Wanawake wakapiga vigelegele. "Sauti imerudi!" Naliaka akapaza sauti. "Bwana asifiwe, sauti ya Sally imerudi!" Leso zikavuliwa, viti vikaanguka, watu wakakimbilia kukumbatiana.

Jepkosgei naye alifurahi. Kwa kitambo alidhani ni yeye aliyejibu. Kisha akafungua macho, akaona vichwa. Aliona mistari ya nywele zao, na fundo la nywele za Gurmeet, na migongo yao iliyoinama, vyote kutoka juu, kutoka karibu sana na mabati, na katikati yao alimwona mwanamke aliyevaa nguo yake ya buluu, anayepangusa machozi kwa kidole chenye kovu, anayekumbatiwa na wenzake wote aliosoma nao. Akapiga kelele. Mvua ilikuwa na sauti kubwa kuliko yeye. Akataka kushuka, akajigeuza, na chini ya ubavu wake springi zikalia.

Mlango ukafunguliwa. Cherop alikuwa amesikia vigelegele, akaja mbio kupitia mvua na nywele zake za nusu. "Mama!"

"Niko," mwanamke akamwitikia.

Mtoto akaenda kwake. Akamshika mkono, akausikia joto, akatabasamu. Halafu akainua uso taratibu kuelekea kwenye mabati, akakunja paji, jinsi mtu anavyofanya akiitwa kutoka mbali.

"Mama, nani analia huko juu?"

Mwanamke naye akatazama juu. Macho yao yakakutana. Hakukuwa na chuki machoni mwake, hata kidogo. Alitazama kama mtu aliyetimiza ahadi.

"Ni mabati," akasema, akimvuta mtoto karibu. "Hulia mvua ikinyesha. Kaa chini nikumalizie nywele."